Kabla ya kununua mchele wa sikukuu, pima madebe ya Januari

Kila mwaka, ikifika wiki ya pili ya Januari, huwa napokea wagonjwa wa aina tatu hapa Singida. Wa kwanza ni mtoto wa mwaka mmoja au miwili ambaye mama yake anasema "amekataa kula". Wa pili ni mzee mwenye kisukari au presha ambaye dawa zilimwishia tangu Krismasi. Wa tatu ni mtu mzima aliyechoka, kichwa kinamuuma na usingizi haupati. Ukimpima, malaria hana. Ukikaa naye dakika tano anakuambia ukweli: "Daktari, nyumbani hakuna kitu."

Ukiwauliza walikula nini Desemba 25, wote wanatabasamu. Pilau, nyama, soda.

Mpenzi msomaji, sina ugomvi na pilau. Nimekulia mkoa huu na najua mtoto anavyoihesabu Krismasi kwa vidole tangu Novemba. Makala ya leo haikukatazi kusherehekea. Ninachotaka tukubaliane ni jambo moja: bajeti ya mlo wa sikukuu ianzie Januari, kisha irudi nyuma hadi Desemba. Wengi wetu tunafanya kinyume chake, na anayelipa ni mtoto mdogo na mgonjwa.

Maneno haya yanahusu sikukuu zote, Idi kadhalika. Lakini Krismasi na Mwaka Mpya zina mtego wake, na nitakueleza kwa nini.

"Tungewapa ugali Krismasi?"

Januari moja, mama mmoja kutoka Wilaya ya Ikungi aliniletea mtoto wa miezi 18. Nilimzungushia utepe wa kupimia mkono, ule wenye rangi tatu. Ukisoma sentimita 12.5 au zaidi, ni kijani, mtoto yuko salama. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na huyo harudi nyumbani kabla ya kuanzishiwa matibabu. Mtoto huyu alisoma njano.

"Mama, mlivuna mwaka huu uliopita?"

"Tulivuna daktari, mahindi na mtama. Haikuwa haba."

"Yamebaki kiasi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Baba watoto aliuza madebe mawili kabla ya sikukuu. Shemeji zangu walikuja na watoto wao kutoka Dar es Salaam. Tungewapa ugali Krismasi?"

Swali hilo sijalisahau. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anailinda heshima ya nyumba yake, na mimi nisingethubutu kumcheka. Nilichofanya ni kuchukua kalamu, tukahesabu pamoja.

Hesabu ya madebe mawili

Nawe chukua kalamu. Familia ya watu sita inayokula takriban kilo mbili za nafaka kwa siku inahitaji kilo 60 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili ni miezi minne, yaani kama kilo 240. Debe moja la mahindi makavu linakaribia kilo 18 hadi 20. Kwa hiyo familia hiyo inahitaji madebe kama 12 au 13 ili ifike mwisho wa Aprili bila kununua nafaka dukani.

Sasa angalia madebe mawili yaliyouzwa. Ni kilo 36 hadi 40. Ukigawa kwa kilo mbili kwa siku, unapata siku 18 hadi 20 za ugali wa nyumba nzima. Mlo mmoja wa mchana wa Krismasi umekula karibu wiki tatu za mwezi wa Machi.

Na haiishii hapo. Mahindi yakipungua majumbani, bei hupanda. Yule aliyeuza kwa debe mwezi Desemba atakuja kununua kwa kilo mwezi Machi, tena kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Singida jambo hili linauma zaidi kwa sababu ya kalenda yetu. Tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kwisha karibu na Aprili. Mavuno yako mbele, Mei na kuendelea. Krismasi inatukuta ghala limeshapungua, mbegu inasubiri kupandwa, na palizi iko njiani. Ni wakati ambao mwili wa mkulima unahitaji nguvu nyingi kuliko miezi mingine, na chakula ni kidogo kuliko miezi mingine. Januari shule nazo zinafunguliwa. Tangu 2016 ada ya shule za msingi na sekondari ya chini za serikali imeondolewa, lakini sare, madaftari na viatu bado vinatoka mfukoni mwako.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Mtoto hadumai kwa siku moja. Anadumaa kidogo kidogo, kwa miezi ya njaa inayojirudia kila mwaka katika zile siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi anapotimiza miaka miwili.

Panga kwa mpangilio huu

Kaeni baba na mama, wiki tatu au nne kabla ya sikukuu, mfanye mambo haya kwa zamu yake.

Kwanza, pimeni ghala. Hesabuni madebe yaliyopo na yanayohitajika hadi mavuno, kwa hesabu niliyokupa. Mahindi, mtama na uwele vyote vihesabiwe. Kama yaliyopo hayafiki, basi nafaka haiuzwi hata kilo moja kwa ajili ya sikukuu.

Pili, tengeni fedha ya dawa. Kama kuna mwenye kisukari, presha, kifafa, pumu au selimundu nyumbani, hesabuni vidonge vyake hadi katikati ya Januari. Siku za mapumziko kliniki nyingi hazifanyi kazi kama kawaida. Dawa zichukuliwe kabla ya Desemba 20.

Tatu, tengeni fedha ya shule na mbegu. Ifungwe pembeni na isiguswe.

Nne, kinachobaki ndicho cha sikukuu. Hata kikiwa kidogo, ni chenu, na hakina deni.

Kama fedha haitoshi na lazima kitu kiuzwe, tazama bandani kabla ya kutazama ghalani. Kuku wetu wa kienyeji wanatafutwa hadi Dar es Salaam, na wakati wa sikukuu bei yao hupanda. Uza majogoo yaliyozidi, bakiza tetea. Jogoo hatagi, lakini tetea mmoja anayetaga atampa mtoto wako mayai mwezi Februari, wakati nyumba haina mboga nyingine.

Mlo wa watu wanane kutoka shamba la Singida

Gharama ya mlo wa sikukuu hupandishwa na vitu vitatu: mchele mwingi, nyama nyingi na soda. Tunavipunguza bila kuifanya meza ionekane ya msiba. Huu ni mfano wa watu wanane, wakubwa kwa wadogo.

Pilau: mchele kilo moja na choroko nusu kilo. Chemsha choroko kwanza mpaka zikaribie kuiva. Kaanga vitunguu vyetu vya Singida mpaka viwe vya kahawia, weka kitunguu saumu, tangawizi na viungo vya pilau, kisha mchele na choroko, halafu maji. Vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya alizeti vinatosha chungu chote. Itanukia pilau na itaitwa pilau, lakini umeokoa mchele na umeongeza protini. Kunde nazo zinafaa.

Kuku mmoja wa kienyeji: mchemshe mpaka alainike, mkate vipande vidogo, kisha upike mchuzi kwa supu yake pamoja na nyanya, vitunguu na robo kilo ya karanga zilizosagwa. Koroga kwa moto mdogo karanga zisishike chini. Mchuzi unakuwa mzito, na kila mtu anapata nyama na karanga. Kuku mmoja wa mchuzi wa karanga anashibisha watu ambao wangehitaji wawili wa kukaanga.

Mboga mbili: mchicha au majani ya kunde, pamoja na mlenda. Najua wapo wanaoona aibu kumwekea mgeni mlenda. Wageni wako wamekula chipsi Dar es Salaam mwaka mzima. Wengi wao wakifika Singida, mlenda ndio wanaoutamani kuliko pilau.

Matunda na kinywaji: Desemba ni msimu wa maembe. Nunua maembe badala ya soda. Pika juisi ya ubuyu kwa maji yaliyochemshwa, uichuje, uiwekee sukari kidogo. Vitamini C iliyomo kwenye ubuyu na maembe inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyoko kwenye mboga za majani na kunde. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Kwa hiyo chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, hasa kwa mjamzito na mtoto.

Nyama ya ng'ombe au mbuzi ikikushinda bei, dagaa si aibu. Dagaa wakavu wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wana madini mengi ya chokaa pamoja na protini. Ukiwaosha vizuri, ukawakaanga na nyanya, watoto watawamaliza.

Firigisi na ini

Sasa niseme jambo ambalo akina baba wataninunia kidogo.

Katika nyumba nyingi kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba na mapaja ni ya wageni. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa mchuzi na wali, na watu husema "yeye bado mdogo, nyama ya nini". Kitabibu mambo ni kinyume kabisa. Tumbo la mtoto huyo ni dogo kama ngumi yake, hawezi kujaza wali mwingi, na anakua haraka kuliko mtu yeyote mezani. Kila kijiko chake lazima kiwe na kitu cha maana.

Firigisi aendelee nayo baba, sitaki kuvunja ndoa. Ini la kuku lipewe mtoto aliyetimiza miezi sita na kuendelea. Liive vizuri, lipondwe, lichanganywe na ugali laini au wali. Ini lina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, na upungufu wa damu ni tatizo kubwa la watoto wetu.

Mambo mengine ya mtoto siku ya sikukuu:

Apewe sahani yake. Mtoto anayekula sinia moja na kaka zake huachwa na mchuzi, hasa nyumba ikijaa wageni. Ukiona chakula chake kwenye sahani yake, unajua amekula nini.

Asisubiri wakubwa. Mtoto wa miezi tisa hadi 23 anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Pilau ya saa tisa alasiri haiwezi kuwa mlo wake wa kwanza. Asubuhi anywe uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa yaliyochemshwa. Anayenyonya aendelee kunyonya, hata mama akiwa na kazi nyingi jikoni.

Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Najua mkoa wetu una asali nzuri, ya Manyoni na Itigi inasifika nchi nzima, lakini inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia, vikamlegeza misuli hadi ile ya kupumulia.

"Siku moja haiui"

Bibi mmoja mwenye kisukari, mgonjwa wangu wa miaka mingi, aliniambia Desemba moja huku akicheka: "Mwanangu, siku moja haiui."

Nikamjibu: "Kweli bibi, siku moja haiui. Lakini siku moja ya kwetu huanza tarehe 24 na kwisha tarehe 2 Januari."

Alicheka, akakubali, tukapanga. Nawe mwenye kisukari panga hivi. Gawa sahani yako kwa macho: nusu iwe mboga za majani, robo iwe kuku, samaki au kunde, na robo iwe wali au ugali, kiasi cha ngumi yako. Anza kula mboga na nyama, wali uje mwisho. Huhitaji chakula cha peke yako, na familia isikutenge. Kula pilau ile ile, kwa kipimo.

Nasikia sana mambo mawili ambayo lazima niyasahihishe. La kwanza ni kwamba ugali wa mtama au dona hauna madhara kwa mwenye kisukari. Ni bora kuliko sembe, kwa sababu una nyuzinyuzi zaidi, lakini ukijaza sahani, sukari itapanda vilevile. La pili ni kwamba asali ni dawa. Asali ni sukari, hata ikitoka msituni.

Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Kwa mtu mwenye kisukari hiyo si ya kuonja. Hata kwa mtoto mwenye afya, kreti moja ya soda ni fedha iliyotoka mfukoni ikaingia tumboni bila kumjenga.

Lakini ipo saa moja ambayo soda ni dawa. Siku ya sikukuu chakula huchelewa. Mzee amekunywa dawa au amechoma insulini saa moja asubuhi, amekunywa chai ya rangi, kisha anasubiri pilau mpaka saa tisa. Sukari inashuka. Anatoka jasho, anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaanza kuongea ovyo, na watu wanadhani amechoka au amelewa. Akiwa anajitambua, mpe haraka nusu glasi ya soda, au vijiko vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Njia rahisi ya kuzuia haya ni kumpa mlo wake kwa saa zake za kila siku, wageni wafike au wasifike. Na asinywe pombe akiwa na njaa, maana pombe nayo hushusha sukari.

Mwenye presha atazame chumvi na magadi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, tena ikihesabiwa ya vyakula vyote. Viungo vya mchuzi vya pakiti vina chumvi nyingi ndani yake. Ukivitia, punguza chumvi au usiweke kabisa. Vitunguu, tangawizi, nyanya na ndimu vinaleta ladha bila kupandisha presha.

Halafu kuna magadi, ambayo wagonjwa wengi hawanitajii nikiwauliza kuhusu chumvi. Tunayatia kwenye mlenda uvutike, na kwenye maharage yaive haraka. Magadi yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha. Kwa maharage na kunde, loweka usiku kucha, umwage maji, upike kwa maji mapya. Utaokoa kuni, na magadi hutayahitaji. Kwa mlenda wa mgonjwa wa presha, tenga wake kabla hujatia magadi.

Bei rahisi inayogharimu

Ukibana matumizi, usibane hapa.

Nafaka na karanga zenye ukungu. Mwaka 2016, majirani zetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na mlipuko wa sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zimehifadhiwa kwenye unyevu. Haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe. Muuzaji akikuuzia mahindi yenye ukungu kwa nusu bei, unanunua ugonjwa wa ini. Usimpe kuku wala ng'ombe pia, sumu inaweza kukurudia kwenye mayai na maziwa.

Nyama isiyopimwa. Kuchangiana mbuzi au ng'ombe na majirani ni njia nzuri ya kupata nyama kwa bei nafuu, endeleeni nayo. Mwiteni tu mtaalamu wa mifugo aipime kabla ya kugawana. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe hata kama watu wanasema "alivimbiwa tu". Kimeta huua mnyama ghafla, kisha humfuata mchunaji na mlaji. Wapenzi wa kitimoto wahakikishe kimeiva mpaka ndani, kisibaki chekundu. Kisicho iva huleta minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo yakitoka kwa choo cha mtu yakaingia kwenye chakula, yanaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Choo kitumike na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kiporo. Wengi hatuna friji, na Desemba ni joto. Pilau iliyokaa tangu mchana hadi asubuhi ni chakula cha vijidudu kabla hakijawa chako. Pika kinachokwisha. Kikibaki, kiliwe jioni ile ile baada ya kupashwa moto mpaka kitoe mvuke.

Mtoto akiharisha, mwanzishie maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha, aendelee kula na kunyonya, na mpeleke kituo cha afya akapewe pia vidonge vya zinki. Ukiona macho yameingia ndani, analegea, anatapika kila kitu au ana damu kwenye choo, usisubiri kesho.

Ongea na wageni mapema

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeigeuza ikawa mgeni njoo, mwenyeji akonde. Simu ipo. Wiki mbili kabla, mpigie shemeji au kaka anayekuja, umwambie: "Kuku na mboga vipo. Mkija, tubebeeni mchele kilo tatu na mafuta ya taa ya bibi." Ndugu wa kweli hanuni. Wengi hata wanashukuru, kwa sababu huwa hawajui walete nini, wanaishia kuleta biskuti na juisi za boksi.

Mama yule wa Ikungi alifanya hivyo Desemba iliyofuata. Mtoto wake alikuwa ameshapona, baada ya miezi ya kliniki ya lishe na uji ulioongezwa karanga na mayai. Alipokuja Januari kumpima, utepe ulisoma kijani. Nikamuuliza Krismasi ilikuwaje.

"Tulikula kuku wa karanga na wali wa choroko, daktari. Shemeji walileta mchele. Watoto wa Dar es Salaam waligombea mlenda."

"Na ghalani?"

"Yapo madebe kumi na mawili. Baba watoto ameandika kwa mkaa mlangoni. Kila tukitoa debe, anafuta moja."

Nakuomba nawe wiki hii, kabla hujaenda sokoni, uingie ghalani na kipande cha mkaa. Nakutakia sikukuu njema, na Januari yenye afya.

*Mwandishi ni daktari wa binadamu anayefanya kazi mkoani Singida. Ushauri uliomo humu ni wa jumla. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu azungumze na daktari wake kabla ya kubadili mlo au dawa.*